Lenzi za namba kubwa: jicho linachoma, linakwaruza, linawasha au linauma?

Kama unasoma hapa huku jicho linakusumbua na lenzi bado imo, itoe kwanza. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, toa lenzi, iweke kwenye kikopo chake, usiitupe. Kisha jitazame kwenye kioo. Ukiona jicho ni jekundu na linauma kweli, au mwanga unalitesa, au uoni umeingia ukungu usioondoka hata ukivaa miwani, au kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, acha kusoma uende hospitali leo hii. Usingoje kesho. Mengine utayakuta hapa ukirudi.

Najua ninachokuomba si kidogo. Mtu wa -2.00 (namba ya hasi ni ya asiyeona mbali, na ikikua uoni ni hafifu zaidi) akitoa lenzi anaendelea na shughuli zake akikunja uso tu. Mimi ni wa -9.50. Nikitoa lenzi, ubao ninaofundishia unakuwa ukuta mtupu, na mwanafunzi wa dawati la mbele namtambua kwa sauti. Ndiyo maana sisi wa namba kubwa tunavumilia jicho ambalo mwenzetu wa namba ndogo asingelivumilia hata saa moja. Lenzi ndizo macho yetu, na kuzitoa ni kama kujifungia ndani.

Hilo limenigharimu. Mwaka mmoja, wiki ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, Novemba, joto na vumbi la Dodoma kabla ya mvua, miwani yangu ilikuwa imevunjika zamani na sikutengeneza mingine. Jumatatu jicho la kushoto likaanza kukwaruza. Jumanne likawa jekundu. Nikanunua matone kwenye duka moja la dawa, nikatia, wekundu ukapungua, nikarudisha lenzi nikaenda kusimamia mtihani. Alhamisi alfajiri sikuweza kulifungua. Matone yale yalikuwa na steroidi, ambayo huufuta wekundu huku ikiwaachia vijidudu nafasi ya kula. Nilikuwa na kidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Kilipona, kikaacha kovu. Mpaka leo, usiku, taa za magari upande huo naziona zimetawanyika.

Kwa hiyo kabla sijataja tatizo lolote: tengeneza miwani ya akiba, yenye namba yako ya sasa. Kila ushauri ulio hapa chini unaanza na "toa lenzi", na asiye na miwani hawezi kuufuata hata mmoja.

Maswali matatu ya kujiuliza

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Jicho linaniuma." Nikamuuliza, linauma au linachoma? Akanyamaza kidogo. "Linachoma, Mwalimu. Nikishavaa tu." Tulikuwa tumeshamaliza nusu ya kazi. Sisi tumezoea kusema jicho "linauma" kwa kila kitu, lakini lugha yetu ina maneno ya kutosha, na kila neno lina chanzo chake. Basi anza hapo: linafanyaje hasa?

Swali la pili: ni jicho moja au yote mawili? Likiwa moja, shuku lenzi ile, au kitu kilichoingia, au jeraha. Yakiwa yote mawili, shuku maji ya lenzi (dawa ya chupa ya kusafishia na kuhifadhia lenzi), hewa, mzio, au muda uliovaa.

La tatu: ukitoa lenzi, linatulia? Likitulia ndani ya dakika chache, tatizo liko kwenye lenzi au kilichokuwa juu yake. Lisipotulia baada ya saa moja hivi, jicho lenyewe limeumia, na hakuna lenzi mpya itakayosaidia. Usijaribu nyingine "kuona kama itakubali".

Linachoma mara tu ninapovaa

Hapa sababu mara nyingi iko kwenye vidole au kwenye chupa. Pilipili, vitunguu, mafuta ya kupaka, manukato ya sabuni. Mchomo wa pilipili huisha baada ya kutoa lenzi, kuisugua na kuisuuza kwa maji ya lenzi, ingawa mara nyingine pilipili huingia ndani ya lenzi laini na haitoki, hiyo itupe.

Kama macho yote mawili yanachoma kila siku tangu ulipobadilisha chupa, huenda jicho lako halipatani na kihifadhi kilichomo, yaani kemikali inayozuia maji hayo yasiharibike. Jaribu maji ya aina nyingine, au, kama uwezo upo, lenzi za siku moja ambazo hazihitaji maji kabisa. Maji ya lenzi yenye haidrojeni peroksaidi hayana kihifadhi na yanawafaa wengi wenye shida hii, ila yana sharti lisilo na mjadala: lenzi ikae kwenye kikopo chake maalumu, chenye kile kidude cha kuizimua peroksaidi, kwa muda wote ulioandikwa, kwa kawaida saa 6. Ukiivaa kabla, au ukiisuuza kwa maji hayo moja kwa moja ukaivaa, utaliunguza jicho. Yule mwanafunzi wangu ndicho alichofanya. Aliona chupa imeandikwa ni ya lenzi, akadhani zote ni sawa.

Angalia pia kama hujabadilisha kulia na kushoto. Kwa wenye namba zinazotofautiana sana, hilo huleta kizunguzungu na macho kuchoka ndani ya dakika chache.

Linakwaruza, kama kuna mchanga

Mara nyingi kweli kuna mchanga. Mji wetu hupata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, halafu miezi mingine yote ni ukame. Kuanzia Juni upepo unaanza kuvuma, na ukipanda bodaboda kwenda Nzuguni au Iyumbu bila kioo cha kofia, utarudi na barabara machoni. Mimi nina vumbi la pili: chaki. Nafuta ubao, unga mweupe unashuka taratibu mbele ya dirisha, na lenzi inaukaribisha. Siku hizi nafuta kwa kitambaa kilicholowa na nageuza uso pembeni.

Usisugue. Chembe ikiwa chini ya lenzi, ukisugua unaitumia kama msasa juu ya konea. Toa lenzi, isugue kwenye kiganja kwa maji ya lenzi, suuza, halafu ichunguze. Na hapa wenye kutoona mbali tuna zawadi moja. Mtu wa -9.50 bila miwani anaona wazi hadi sentimita kumi na nusu tu, lakini ndani ya hapo jicho lake ni kioo cha kukuzia. Sogeza lenzi karibu na jicho lililo tupu, uigeuze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona ukingo uliochanika, unywele, mabaka meupe ya uchafu uliogandamana. Lenzi iliyochanika hata kidogo haivaliki tena.

Kama haina kasoro, iangalie isijekuwa imegeuzwa ndani nje. Iweke kwenye ncha ya kidole: iliyo sawa ina umbo la bakuli, midomo imesimama, iliyopinduka midomo inatanuka kama ya sahani. Lenzi za namba kubwa zina ukingo mnene na wakati mwingine bakuli haisemi ukweli. Basi ibane taratibu katikati kwa vidole viwili kama unakunja chapati: ikiwa sawa, kingo zinakutana kwa ndani, ikiwa imepinduka, zinakimbilia nje kuelekea vidole.

Linaendelea kukwaruza bila lenzi? Kuna mchubuko, au kuna kitu kimebaki chini ya kope la juu. Mtu aliyekulia vijijini Kongwa au kwingineko katikati ya nchi, ambako trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imesumbua vizazi, amwombe daktari alipindue kope na kutazama kama kuna nywele zinazokua kuelekea ndani. Miwani wala lenzi hazitibu hilo.

Linaanza vizuri asubuhi, saa kumi jioni limekuwa jekundu

Hili ndilo tatizo la namba kubwa hasa, na ndilo nililochelewa kulielewa.

Konea haina mishipa ya damu. Inapata oksijeni yake moja kwa moja kutoka hewani, kupitia machozi. Lenzi inakaa katikati. Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na nene kuelekea pembeni, na kadiri namba inavyopanda ndivyo pembeni panavyonenepa. Lenzi ya chanya, ya wasioona karibu, ni kinyume, nene katikati. Kile kipimo cha kupitisha oksijeni kinachotangazwa kwenye lenzi hupimwa kwa kawaida katikati ya lenzi ya -3.00. Wewe wa -10.00 ukinunua lenzi hiyo hiyo kwa jina hilo hilo, pembeni unapata hewa pungufu kuliko unavyodhani. Matokeo yake ni wekundu unaozunguka duara la sehemu nyeusi kama pete. Ukiendelea miaka, mishipa midogo ya damu inaanza kuingia kwenye konea yenyewe kutafuta hewa, na ikishaingia haiondoki kabisa.

Cha kufanya: muulize mpima macho kama lenzi zako ni za haidrojeli ya zamani (plastiki laini inayoshika maji) au za silikoni haidrojeli. Za silikoni hupitisha oksijeni mara kadhaa zaidi, na kwa namba yetu mimi naona si anasa. Zipo hadi -12.00 kwa aina nyingi. Punguza saa za kuvaa. Mimi navaa kazini tu, nikifika nyumbani ni miwani. Na usilale nazo. Hata usingizi wa mchana, hata ndani ya basi la Mwanza. Kope likifungwa, hewa iliyokuwa ndogo inakuwa ndogo zaidi, na uwezekano wa kupata kidonda cha konea unapanda mara kadhaa.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo: lenzi iliyokaza. Dalili yake inadanganya, kwa sababu lenzi iliyokaza ni tamu asubuhi, haitikisiki kabisa. Jioni inauma, na ukiitoa inaacha alama ya duara kwenye weupe wa jicho. Iliyolegea ni kinyume: inahama ukipepesa, uoni unakuja na kuondoka, unausikia ukingo wake. Zote mbili zinatokana na mkunjo wa lenzi kutolingana na jicho, kile kipimo kinachoandikwa 8.4 au 8.6 kwenye boksi. Kipimo hicho hakiwi sawa kwa kila mtu, ndiyo maana lenzi haziazimwi, na kununua kwa kuangalia namba tu ni kubahatisha. Lenzi ikigoma kutoka, tia matone ya kulainisha, subiri dakika kadhaa, pepesa, ijaribu tena. Usiing'oe kwa nguvu.

Linakauka, uoni unafifia na kurudi nikipepesa

Kipande hiki kingeweza kuitwa "Dodoma". Hewa kavu, feni usiku kucha, kiyoyozi cha basi kinachokupiga usoni, kompyuta ofisini Mtumba tangu asubuhi. Mtu anayetazama skrini hupepesa mara chache zaidi, na lenzi laini inayopoteza maji inayanyonya machozi yako kufidia.

Pepesa kwa makusudi, kope zikutane kabisa. Geuza feni. Vaa miwani mikubwa ya jua nje. Tumia machozi ya bandia yaliyoandikwa kuwa yanafaa juu ya lenzi, na kwa ubora yasiwe na kihifadhi. Matone mengi ya kawaida yana kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu, ambacho hujikusanya ndani ya lenzi laini na kulichoma jicho siku nzima. Hayo yatie bila lenzi na usubiri angalau dakika 15 kabla ya kuvaa. Matone ya kuondoa wekundu achana nayo kabisa. Yanakificha kile unachohitaji kukiona.

Linawasha

Kuwasha ni kuwasha: unataka kulisugua na kusugua kunakupa raha. Huo mara nyingi ni mzio, wa vumbi au wa uchafu wa protini uliogandamana kwenye lenzi. Kama lenzi imeanza kupanda juu ukipepesa, na asubuhi kuna ute wa kunyumbuka, huenda vipele vimeota chini ya kope la juu. Pumzika lenzi wiki kadhaa kama daktari atakavyokuelekeza, kisha rudi kwa lenzi za muda mfupi zaidi. Wanja na maskara: vaa lenzi kwanza, pamba baadaye, na usipake wanja ndani ya ukingo wa kope.

Jicho halina kitu, ila kichwa kinauma

Mwenye shida hii mara nyingi amechukua namba ya miwani akaagizia lenzi. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho. Lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Chini ya namba 4 tofauti haina uzito. Juu ya hapo inahesabika: -6.00 ya miwani inakuwa kama -5.50 ya lenzi, na -9.50 yangu ni -8.50. Ningevaa lenzi za -9.50 ningeona mbali vizuri sana, lakini misuli ya macho ingefanya kazi ya ziada mchana kutwa, na jioni paji la uso lingegonga kama ngoma. Omba uandikiwe vipimo viwili, vya miwani na vya lenzi, kila kimoja na karatasi yake.

Waliofika miaka arobaini wana jambo la nyongeza. Mwenye kutoona mbali akihama kutoka miwani kwenda lenzi, kusoma kwa karibu kunadai nguvu zaidi kuliko alivyozoea. Lenzi haijaharibika, unahitaji miwani ya kusomea juu yake.

Maji ya bomba

Fungua birika lako. Ukoko mweupe ulio chini ni madini ya maji yetu ya visima. Huku Dodoma tunayajua kwa chumvi yake. Lakini chumvi si hofu yangu kubwa. Ndani ya maji ya bomba, ya simtanki, ya kisima, kunaweza kuwa na akantamiba, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye akinasa kati ya lenzi na konea hula taratibu, kwa maumivu makali, na matibabu yake huchukua miezi. Lenzi haioshwi kwa maji, haihifadhiwi kwenye maji, hata ya kuchemsha, hata ya chupa, na mate ndiyo usifikirie. Toa lenzi kabla ya kuoga. Ukinawa mikono, ikaushe kabisa. Tone moja kwenye ncha ya kidole linatosha kuhamia kwenye lenzi.

Na kikopo. Siku moja pitisha kidole kavu ndani ya kikopo chako. Ukisikia utelezi, hao ni bakteria wamejijengea nyumba, na maji ya lenzi hayawafikii. Kila asubuhi mwaga yote, sugua kikopo kwa vidole na maji ya lenzi, suuza kwa hayo hayo, kifunike juu chini kwenye karatasi safi kikauke kikiwa wazi. Badilisha kila miezi 3. Usiongezee maji mapya juu ya ya jana. Najua chupa ni ghali, nami niliwahi kuongezea, lakini dawa ya jana imeshatumika, na unachokipata ni maji mapya yaliyodhoofishwa.

Linauma

Maumivu ya kweli, yanayobaki au kuongezeka baada ya kutoa lenzi, ni kidonda cha konea mpaka daktari aseme sivyo. Bakteria waitwao Pseudomonas wanaweza kulitoboa jicho ndani ya siku chache. Nenda siku hiyo hiyo: Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (General) hapa mjini, walio upande wa Chamwino wanayo Hospitali ya Mvumi, ambayo imetibu macho kwa miaka mingi. Chukua lenzi na kikopo uende navyo, kwani vinaweza kupimwa kujua ni mdudu gani. Mwambie daktari mapema kwamba unavaa lenzi na kama umewahi kulala nazo. Usione aibu, jibu hilo linabadilisha dawa. Atakutia rangi ya kung'aa na kukutazama kwa taa ya buluu. Rangi hiyo huingia kwenye lenzi laini isitoke, kwa hiyo usivae lenzi kabla rangi haijasafishwa jichoni.

Usilifunike jicho kwa bandeji. Usitie maziwa ya mama, asali, wala majani. Usitie matone yaliyobaki ya ndugu yako.

Na tofautisha hili: ukiona vimulimuli kama radi pembeni, vitu vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja, bila maumivu wala wekundu, hiyo haihusiani na lenzi. Kuanzia -6.00 jicho huwa limerefuka, na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, iko katika hatari zaidi ya kuchanika na kubanduka. Hiyo nayo ni hospitali leo, na waambie waipanue mboni wakutazame nyuma ya jicho.

Kurudi kwenye lenzi

Daktari akisharuhusu, usirudi na vitu vya zamani. Lenzi mpya, kikopo kipya, chupa mpya. Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa 3 au 4 tu, uwe karibu na nyumbani, miwani mfukoni. Jioni jitazame kwenye kioo karibu na dirisha, ulinganishe macho mawili. Likiwa lile lililougua ni jekundu kuliko mwenzake, kesho yake ni miwani, hata kama kuna kikao, hata kama kuna harusi.